Tiba ya Viungo kwa Simu Inapokwama: Kutafuta Chanzo kwa Msaada wa Tafiti

Wagonjwa wengi wa kiharusi, wa goti na wa mgongo wanaotoka Mpwapwa, Kondoa au vijiji vya ndani vya Chamwino hawamudu kuja Dodoma mjini mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mazoezi tiba, kwa kuwa nauli ya mgonjwa huambatana na nauli ya msindikizaji, na mtu aliyepooza upande mmoja hapandishwi bodaboda kwa usalama. Kwa sababu hiyo wataalamu wa tiba ya viungo wameanza kuwafuatilia kwa simu baada ya kuruhusiwa kutoka wodini, na huduma hii ya utengamao kwa mbali sasa imefanyiwa tafiti za kutosha kuweza kutuongoza. Mapitio ya mwaka 2020 kuhusu kiharusi ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 22 yenye washiriki 1,937, na yakaona kwamba katika uwezo wa kufanya shughuli za kila siku waliohudumiwa kwa mbali hawakuachwa nyuma na waliopata huduma za kawaida, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa wa ubora wa chini hadi wa kati.

Mtaalamu anayesoma matokeo hayo kisha akafungua daftari lake la wagonjwa wa simu huweza kukata tamaa, maana anachokiona hakifanani na alichosoma. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Ninavyoona mimi, karibu kila dalili ya kukwama hutokana na kipande cha huduma ambacho utafiti ulikuwa nacho na sisi tulikiacha njiani, kwa sababu jaribio la kitabibu halipimi simu peke yake. Hupima kiasi cha mazoezi, usimamizi, vifaa, msaidizi wa nyumbani na aina ya wagonjwa waliochaguliwa, vyote kwa pamoja. Chombo kizuri cha kutafutia kipande kilichopotea ni orodha ya TIDieR iliyochapishwa mwaka 2014, yenye vipengele 12 vinavyouliza, pamoja na mengine, huduma ilitolewa na nani, kwa vifaa gani, wapi, mara ngapi, kwa muda gani, na ilifuatwa kwa kiwango gani kikilinganishwa na kilichopangwa. Andika huduma ya utafiti upande mmoja wa karatasi na huduma yako upande wa pili, kipengele kwa kipengele, kabla ya kubadilisha chochote.

Simu zote zimepigwa, lakini mkono hausogei

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni dozi, yaani kiasi cha mazoezi. Utafiti wa Steven Cramer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la JAMA Neurology, uliwahusisha watu 124 wenye udhaifu wa mkono baada ya kiharusi katika vituo 11 vya Marekani, na ukalinganisha mazoezi ya nyumbani yaliyosimamiwa kwa mbali na mazoezi ya kliniki. Katika kipimo cha mkono cha Fugl-Meyer chenye alama 66, kundi la nyumbani liliongeza wastani wa alama 7.86 na la kliniki alama 8.36, tofauti iliyokuwa ndani ya kiwango ambacho watafiti walikuwa wamekikubali tangu awali. Hayo ndiyo matokeo yanayonukuliwa mara kwa mara. Kisichonukuliwa sana ni kwamba kila mshiriki alipangiwa vipindi 36 vya dakika 70 katika wiki 6 hadi 8, nusu yake vikisimamiwa na mtaalamu kwa video na nusu mgonjwa akifanya mwenyewe, na kwamba walipelekewa nyumbani kompyuta yenye intaneti, meza, kiti na vifaa vya michezo ya mazoezi. Vipindi 36 vya dakika 70 ni saa 42. Mtaalamu anayempigia mgonjwa mara moja kwa wiki kwa dakika 15 hufikisha saa 2 katika wiki 8, na hawezi kudai matokeo ya utafiti ule kwa kiasi hicho.

Hii haina maana kwamba ni lazima tukae kwenye simu saa 42. Nusu ya dozi ile ilifanywa bila mtaalamu kuwepo, na sehemu kubwa ya dozi yetu inaweza kufanywa hivyo hivyo iwapo zoezi limepangwa kwa namna inayojihesabu lenyewe. Afadhali kuhesabu marudio kuliko dakika. Catherine Lang na wenzake walipotazama vipindi vya tiba vya kawaida nchini Marekani na Kanada, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, walikuta kwamba mgonjwa wa kiharusi alitumia mkono wake kwa kazi halisi takriban mara 32 tu katika kipindi kimoja, ilhali tafiti za wanyama kuhusu ubongo kujifunza upya hutumia mamia ya marudio kwa siku. Katika nyumba za Dodoma kifaa cha kufanyia kazi hii kipo tayari, nacho ni karanga. Weka mabakuli mawili mezani na karanga 50 zenye maganda. Mgonjwa azihamishe mojamoja kwa mkono ulioathirika kutoka bakuli moja kwenda jingine, kisha azirudishe. Kwenda na kurudi ni marudio 100, na mzunguko wa pili unafikisha 200. Msaidizi huchora mstari mmoja kwenye daftari kila mzunguko unapokamilika, na simu ya wiki huanza kwa kusoma mistari hiyo. Mkono unapoimarika, bakuli la pili husogezwa mbali zaidi au huinuliwa juu ya debe, kisha karanga hubadilishwa kuwa maharage. Mgonjwa ambaye bado hawezi kushika chochote hapewi zoezi hili. Huyo huanza kwa kusukuma kitambaa juu ya meza na kuegemeza uzito kwenye kiganja, huku mkono usioathirika ukisaidia.

Ni haki pia kusema kwamba si kila ugonjwa unahitaji dozi ya namna hiyo. Katika jaribio la PEAK la Australia, lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2024 na kuwashirikisha watu 394 wenye maumivu sugu ya goti, mashauriano 5 tu na mtaalamu katika miezi 3 yalitosha, na waliohudumiwa kwa video hawakuwa duni kwa waliofika kliniki, kwa maumivu wala kwa uwezo wa kutumia mguu. Kazi ya mtaalamu pale ilikuwa kufundisha na kupandisha ugumu wa mazoezi ya kuimarisha misuli. Kwa hiyo mgonjwa wa goti asiyeendelea mara nyingi hana upungufu wa simu; ana zoezi lilelile alilopewa siku ya kwanza, ambalo limeshakuwa jepesi kwake na hakuna aliyelipandisha.

Mgonjwa anasema anafanya, lakini mwili hauonyeshi

Sikiliza swali lako kabla ya kulishuku jibu lake. Mazungumzo ya kawaida huenda hivi: “Shikamoo bibi.” “Marahaba mjukuu wangu.” “Mazoezi yanaendeleaje?” “Yanaendelea vizuri, namshukuru Mungu.” Hayo ni majibu ya adabu, na mzee hatamwambia kijana aliyempigia kutoka hospitali kwamba mazoezi yake hayafanyiki. Uliza jambo lililotokea: “Bibi, jana baada ya kunywa chai ulianza na zoezi lipi? Ulikaa wapi, na nani alikuwepo?” Kisha omba lifanyike wakati mko hewani. Hata kwa simu ya kitochi isiyo na video, msaidizi anaweza kuhesabu kwa sauti huku mgonjwa akisimama na kukaa, na kutoka kwenye hesabu hiyo utasikia mahali anapopunguza kasi, anapopumzika na anapoanza kuhema.

Chanzo kingine ni lugha. Wazee wengi wa Chamwino na Bahi hueleza maumivu yao kwa ufasaha zaidi kwa Kigogo, na wa Kondoa kwa Kirangi, hivyo maelekezo ya Kiswahili cha hospitali, yenye maneno kama “kunja kiwiko kwa nyuzi tisini”, hupita juu. Mfundishe msaidizi kwanza, mwombe amweleze mgonjwa kwa lugha ya nyumbani, kisha mgonjwa aeleze mwenyewe alichoelewa. Katika utafiti wa Cramer kompyuta ndiyo iliyokuwa ikielekeza zoezi hatua kwa hatua. Kwetu kazi hiyo ni ya mjukuu, na mjukuu anastahili mafunzo.

Ndugu amefundishwa, na bado hali ni ileile

Hapa ndipo tafiti zinapotuonya kwa ukali zaidi, na ningependa kila anayepanga huduma ya utengamao vijijini aufahamu utafiti wa ATTEND. Ulifanyika katika hospitali 14 za India, ukachapishwa na Lancet mwaka 2017, na uliwahusisha wagonjwa 1,250 wa kiharusi. Nusu yao ndugu walifundishwa kuwafanyia mazoezi kuanzia wodini na kuendelea nyumbani, na nusu walipata huduma ya kawaida. Baada ya miezi 6, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au wanategemea msaada wa wengine. Mafunzo ya ndugu hayakuleta tofauti.

Wapo watakaosoma hapo kwamba familia haina kazi katika tiba. Mimi nasoma jambo jingine: kumkabidhi ndugu nafasi ya mtaalamu bila kuongeza kiasi halisi cha mazoezi yenye usimamizi wa kitaalamu hakuonyeshi faida, hata kwa jaribio kubwa lililopangwa vizuri. Kwa hiyo dalili hii inapojitokeza, usimlaumu ndugu. Chunguza iwapo amepewa kazi zinazomfaa, yaani kukumbusha, kuhesabu, kushika kiti kisisogee, kupiga picha na kuzuia anguko, au amepewa kazi ya kuamua zoezi gani lifuate, ambayo ni yako. Chunguza pia kama kumsaidia mgonjwa kumegeuka kuwa kumfanyia. Binti anayempenda mama yake humwinua kitandani, humvisha na kumlisha, na kwa huruma hiyo hiyo miguu hukosa marudio ya kusimama ambayo yangepatikana bure asubuhi na jioni. Maelekezo mafupi husaidia: mama aanze mwenyewe, na mkono wa msaidizi uingie pale tu anapokwama.

Mtaalamu haoni anachotakiwa kukiona

Mtandao ukikatakata, ondoa video na ubaki na sauti, kisha omba video fupi irekodiwe na kutumwa baadaye bando linapokuwepo. Mwendo wa sekunde 20 uliorekodiwa vizuri hufundisha zaidi kuliko picha ya moja kwa moja inayoganda kila hatua. Kwa mazoezi yanayohitaji kuhesabu pamoja, anayehesabu awe nyumbani, kwa sababu sauti inayochelewa humfanya mgonjwa apoteze mpangilio.

Mwanga ndio unaosahaulika. Nyumba ya tembe ina madirisha madogo, na mgonjwa anayekaa kwa mgongo mlangoni huonekana kivuli kitupu. Mwelekeze aketi akiutazama mlango, au atoke nje chini ya mti ikiwa majirani hawatamfanya aone haya. Simu isishikwe mkononi. Iegemezwe kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa urefu wa nyonga, upande wa mwili ulioathirika, na mbali kiasi cha kuonyesha kichwa hadi nyayo. Ukitaka kutazama goti linavyoingia ndani wakati wa kusimama, simu ihamie mbele. Nguo ndefu ya kitenge huficha goti lote, kwa hiyo jambo hilo lizungumzwe mapema na kwa heshima, na mgonjwa wa kike aulizwe kama anataka mtu fulani awepo au asiwepo.

Video hizo ni taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, hivyo ridhaa iandikwe na kusainiwa kabla mgonjwa hajatoka wodini, na ieleze nani ataiona video na itafutwa lini. Video za wagonjwa hazifai kukaa kwenye simu binafsi ya mtaalamu pamoja na picha za harusi, wala kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili kuomba ushauri.

Vipimo vya nyumbani na vya hospitali havipatani

Mara nyingi mgonjwa hajabadilika. Kilichobadilika ni kiti. Kipimo cha kusimama na kukaa kwa sekunde 30 kimewekewa kiti chenye urefu wa takriban sentimita 43, na mtu huyo huyo akipimwa kwenye kigoda ataonekana amedhoofika. Pima urefu wa kiti cha nyumbani siku ya kwanza, uandike, na kitumike hicho hicho kila mara. Kwa kipimo cha kuinuka, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, mpe mgonjwa kamba iliyokatwa mita 3 kamili akiwa bado wodini. Msaidizi ahesabu muda kwa simu ya pili au saa iliyoko nyumbani, kwa kuwa ukihesabu mwenyewe kupitia video utaongeza ucheleweshaji wa mtandao. Linganisha nyumbani na nyumbani, hospitali na hospitali.

Mgonjwa amepotea hewani

Mvua za Dodoma hunyesha msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na katika miezi hiyo nyumba nzima huhamia shambani. Mtama na uwele vinapokaribia kukomaa, watoto na vijana huenda kuamia ndege kuanzia alfajiri, na hao ndio wasaidizi wetu wa mazoezi. Daftari likionyesha kwamba wagonjwa wengi hupotea kipindi hicho, usiandike “mgonjwa hana ushirikiano”. Panga ratiba ya kilimo kabla msimu haujaanza: mazoezi machache zaidi, yafanyike kabla ya jua kuchomoza au baada ya chakula cha jioni, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii ajue nyumba ya kupitia.

Uliza vilevile simu ni ya nani. Ikiwa ni ya mtoto wa kiume anayeshinda kazini mjini, mgonjwa hana simu mchana, hata kama namba inaita. Ikiwa inachajishwa kwa kulipia kibandani, itazimwa siku nzima ili chaji isiishe. Gharama ya kupiga ibebwe na upande wa hospitali, na saa ya kupiga ikubaliwe na mwenye simu, si na mgonjwa peke yake. Hakuna jaribio la Marekani litakalotufundisha hili kwa niaba yetu, na ndiyo maana kila kituo kinapaswa kuandika sababu ya kila simu isiyopokelewa.

Maumivu yameongezeka, au mgonjwa ameanguka

Simamisha zoezi kwanza, tafuta chanzo baadaye. Bega linalouma baada ya kiharusi mara nyingi limevutwa: msaidizi amemwinua mgonjwa kwa kumshika mkono dhaifu, au ameunyanyua juu ya kichwa akiamini anaulegeza. Afundishwe kushika kiunoni au nyuma ya bega, na mkono usipandishwe zaidi ya usawa wa bega hadi utakapouona wewe mwenyewe. Kwa anguko, uliza lilitokea wapi na saa ngapi, maana anguko la usiku kwenye njia ya choo cha nje halitatuliwi kwa zoezi jipya bali kwa taa, ndoo ya usiku na mtu wa kumsindikiza.

Presha ya damu ipimwe katika zahanati ya karibu kabla ya kuongeza ugumu. Miongozo ya mazoezi huichukulia presha ya mtu aliyetulia inayozidi 200/110 kuwa sababu ya kuahirisha. Kifua kuuma, kuishiwa pumzi, ndama ya mguu mmoja kuvimba na kuuma, udhaifu mpya au maneno kubadilika ghafla ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na namba ya gari litakalombeba iwe imeandikwa kwenye daftari la mazoezi tangu mwanzo.

Utafiti unasema inafaa, kwetu haifai

Rudi kwenye ukurasa wa utafiti unaoeleza nani alikubaliwa na nani alikataliwa. Washiriki wa Cramer walikuwa kati ya wiki 4 na 36 tangu kiharusi. Mgonjwa wako aliyepooza miaka kadhaa iliyopita, au aliyetoka wodini juzi akiwa bado hajui siku ya leo ni ipi, hawakilishwi na wastani wao. Tazama pia kundi la kulinganisha. Tafiti hizi ziliuliza kama huduma ya mbali ni duni kuliko huduma nzuri ya ana kwa ana, na kwa mgonjwa wa kijijini kwetu swali hilo si lake, kwa kuwa mbadala wake ni kukosa huduma kabisa. Matokeo madogo kuliko ya Marekani yanaweza kuwa na thamani kubwa kwake, mradi yapimwe kwa uaminifu dhidi ya hali yake ya mwanzo.

Baada ya hapo badilisha kipengele kimoja tu, kiache kwa wiki chache, kisha upime tena kwa kiti kilekile na kamba ileile. Dozi ikiwa imetimia kwenye daftari, zoezi limepandishwa ugumu, msaidizi anafanya kazi yake, na kipimo bado kimesimama palepale, mlete mgonjwa hospitali umguse. Ukakamavu wa misuli, kiungo kilichoanza kujikunja, ganzi na sonona huonekana vibaya kwa simu. Siku hiyo ya safari ipangwe iangukie kwenye kliniki yake ya presha au ya kisukari, ili nauli moja imalize yote.